Episodi 4, wasikilizaji 15: nibadilishe maiki au niache?

Kuna mdogo wetu kaniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Nimeanzisha podikasti miezi miwili iliyopita, nahoji watu kuhusu kazi zao, nimeshatoa episodi 4. Sauti inasikika kama naongea nikiwa ndani ya pipa, na maiki nilionunua ni nzuri tu. Wageni wananijibu kwa mkato, na wasikilizaji hawajawahi kuzidi 15. Sasa najiuliza ninunue maiki kubwa zaidi au niache kabisa. We ulipoanza ulijifunza nini ambacho ungetamani mtu angekwambia mapema?"

Marahaba mdogo wangu. Nimekaa nikasikiliza episodi zako zote 4, mwanzo hadi mwisho, na hedifoni, kwahiyo haya ninayokwambia nayasema nikiwa nimeisikia kazi yako. Jibu fupi: maiki usinunue, na usiache. Tunapoanza wengi wetu tunachukulia podikasti kama kazi ya kuongea, basi tunajiandaa kuongea, tunanunua vifaa vya kuongelea, tunaandika maneno ya kuongea, kumbe karibu kila kinachoharibika kinaharibika pale ambapo hatukusikiliza. Chumba hatukukisikiliza, mgeni hatukumsikiliza, faili lenyewe tumelipandisha bila kulisikiliza hadi mwisho. Mi ilinichukua zaidi ya mwaka kuliona hilo.

Tuanze na hilo pipa. Pipa ni chumba chako. Sauti ikitoka mdomoni inaenda kwenye maiki lakini pia inagonga ukuta, dari, sakafu, kioo cha dirisha, inarudi kwenye maiki ikiwa imechelewa kidogo sana. Ukiwa unaongea na mtu hapo hapo chumbani ubongo wako unauchuja ule mwangwi, karibu huutambui, ila maiki inachukua vyote kama vilivyo. Na ukinunua maiki ghali zaidi, hasa zile za kondensa zenye usikivu mkali, utaubeba mwangwi ule ule tena ukiwa wazi zaidi. Mi nilibadilisha maiki mara mbili kwa tatizo hili hili. Alafu siku moja sebuleni kulikuwa na wageni nikalazimika kurekodi chumba kidogo cha kulala, kabati limefunguliwa nguo zinaning'inia mbele yangu, godoro la ziada limeegemezwa ukutani nyuma ya mgongo. Nikarekodi kwa ile ile maiki niliyokuwa nimeshaichoka. Nilipocheza nikasikia hadi ulimi ukiachana na meno. Nilirudia kusikiliza mara tatu nikidhani nimefungua faili la mtu mwingine.

Kwahiyo fanya hivi leo, zunguka nyumba yako yote, kila chumba simama katikati piga kofi moja kali, alafu nyamaza usikilize mkia wa lile kofi. Kama lina mlio unaobaki hewani, hicho chumba hakikufai. Kama linakufa hapo hapo, umepata studio. Vinavyokula mwangwi ni vitu vizito na laini, mapazia mazito, zulia, godoro, blanketi nene, nguo nyingi. Zile trei za mayai ambazo watu wanabandika ukutani hazina msaada wa maana, ni nyepesi mno.

Kitu cha pili kwenye sauti yako ni umbali, na hapa ndo nadhani tatizo lako lipo zaidi, kwasababu nikisikiliza naona kabisa (yani nasikia) maiki ipo katikati ya meza na nyie mmekaa pande mbili. Kila ukizidisha umbali mara mbili sauti yako inayofika moja kwa moja inashuka kama desibeli 6, ila mwangwi wa chumba haushuki hivo, unabaki karibu pale pale. Mtu aliye sentimita 40 kutoka kwenye maiki anapoteza kama desibeli 12 ukilinganisha na aliye sentimita 10, ndo maana ukiongeza geini (yani kiwango ambacho mashine inaikuza sauti ya maiki) ili usikike unaongeza na pipa lote. Sogea. Ngumi moja mpaka mbili kati ya mdomo na maiki, na maiki iwe pembeni kidogo, isitazamane na mdomo uso kwa uso, ili ule upepo wa herufi P na B upite pembeni. Jaribu kusema "pole pole, baba yupo pembeni" ukiwa na hedifoni, kama unasikia vishindo kama mtu anapuliza, igeuze kidogo. Kama mna maiki moja tu na mko wawili, kaeni ubavu kwa ubavu na siyo kukabiliana mezani, au mgeni apewe maiki yeye na we ujirekodi kwa simu ilioshikwa karibu. Sauti ya mgeni ndo ya kulindwa kwanza, maswali yako unaweza hata kuyarudia baadae.

Geini yenyewe iweke ili ukiongea kwa nguvu zako za kawaida vilele (pale sauti inapopanda juu zaidi) vicheze kama kwenye desibeli -12, na mtu akicheka asifike 0. Sauti ikigonga 0 inakatika kichwa na huo mkwaruzo hautoki ukapona kabisa, wakati sauti ya chini kidogo unaipandisha tu baadae bila shida, hasa ukirekodi WAV ya biti 24, yani faili kubwa ambalo sauti yake haijabanwa.

Sasa nikwambie kilichoniuma zaidi, kwasababu hiki ndo ningetamani mtu angenambia. Nilimhoji mzee mmoja fundi saa. Dakika 50 na kitu. Alinieleza jinsi alivyojifunza kazi kwa kufungua saa moja mbovu na kuifunga tena usiku baada ya usiku, kila gurudumu akilipanga juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio ule ule aliotumia kuyatoa, na alivyolia siku ilipoanza kutembea. Mi muda wote naangalia kwenye laptopu yale mawimbi yanapanda na kushuka, nimeridhika kabisa. Nilipofika nyumbani nikakuta programu ilikuwa inachukua maiki ya laptopu yenyewe na siyo ile niliyomwekea mzee mdomoni, laptopu ilikuwa upande wa pili wa meza karibu na feni. Feni inasikika vizuri sana. Nilimpigia nikamwomba radhi, akakubali turudie, na Mungu ambariki kwa hilo, lakini mara ya pili aliisimulia ile habari kama mtu anayesoma orodha. Yale machozi hayakurudi. Kitu mtu anakisimulia kwa mara ya kwanza hukipati tena.

Tangu siku hiyo kabla ya kila mahojiano nafanya mambo mawili. Kwanza nakwaruza kichwa cha maiki taratibu kwa ukucha huku nimevaa hedifoni, kama maiki hiyo ndo inayorekodi nitasikia mkwaruzo mkubwa kama mtu anasugua sufuria, kama siyo nitasikia kwa mbali tu na hapo najua setingi ziko vibaya. Pili narekodi nusu dakika, nasimamisha, nalifungua lile faili na kulisikiliza. Kuangalia mawimbi hakutoshi, mawimbi yanatembea hata kwa sauti ya feni. Na hedifoni zibaki masikioni mahojiano yote, najua unaona kama ni kukosa adabu mbele ya mgeni, mweleze tu kwamba unalinda sauti yake, hakuna atakayechukia.

Kwa mgeni aliye mbali usitegemee sauti ya kupigiana kwa intaneti, ile iwe akiba tu. Kila mtu ajirekodi upande wake kwa simu yake, wote mkiwa na hedifoni ili sauti ya mmoja isivuje kwa mwingine, mwanzoni mpige kofi kwa pamoja, alafu baadae unayalinganisha yale makofi kwenye programu ya kuediti. Mkimaliza mwambie akutumie faili hapo hapo kabla hamjaagana, ukisema "utanitumia kesho" umelipoteza.

Tuje kwa wageni wanaojibu kwa mkato. Mdogo wangu hapa nitakuwa mkweli. Episodi ya 2, yule dada fundi cherehani. Unamuuliza "Je, kazi hii ina changamoto?" anajibu "Ndiyo, zipo." Unamuuliza "Je, unaipenda?" anajibu "Naipenda sana." Swali linaloanza na "je" la namna hiyo linaomba ndiyo au hapana, na watu ni waungwana, wanakupa ulichoomba. Badilisha uombe tukio. "Nisimulie siku ya kwanza umekaa kwenye cherehani." "Nguo gani iliwahi kukutoa jasho?" "Ilikuwaje?" Hilo neno "ilikuwaje" peke yake limenipa mahojiano mazuri kuliko maswali yote niliyowahi kuyaandika kwenye karatasi.

Lakini si swali tu. Karibu na dakika ya 6 ya episodi hiyo hiyo, yule dada anasema, tena kwa sauti ya chini kabisa, "kuna siku nilitaka hata kuiuza hii cherehani." Na we ukasema "sawa sawa, na swali langu lingine, vijana wanaotaka kujiajiri unawashauri nini?" Mi nilisimamisha nikavua hedifoni. Ile ndo ilikuwa episodi nzima! Alikufungulia mlango na we ulikuwa unaangalia karatasi. Sikulaumu, mi mwenyewe nina mahojiano ya namna hiyo ambayo mpaka leo siwezi kuyasikiliza. Dawa yake ni kuandika mambo 4 au 5 tu ya kugusia, siyo maswali 20, na karatasi ifunikwe. Mgeni akisema kitu kizito we rudia maneno yake ya mwisho kama swali, "ulitaka kuiuza?", alafu nyamaza. Hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu. Kimya kinakutisha we mwenye kurekodi, kwa msikilizaji ni kitambo kidogo tu, na mara nyingi sana kile mtu anachokisema baada ya kimya ndo kile alichokuwa anasita kukisema.

Na punguza zile "enhee", "ndio ndio", "mmh". Najua kwetu ndo heshima, mtu akiongea ukikaa kimya anaweza kudhani humsikilizi, lakini kwenye rekodi zinapanda juu ya maneno ya mgeni na kama mko kwenye maiki moja huwezi kuzitoa bila kumkata na yeye. Tikisa kichwa, mtazame machoni, tabasamu. Mgeni anaona, na maiki haisikii.

Maswali usimtumie yote mapema, atakuja na majibu ameyakariri. Mtumie mada. Na mkikaa anza na kitu kidogo, leo ameamka saa ngapi, amefikaje, hapo unapima geini na yeye anasahau maiki.

Utangulizi wako. Episodi ya 1 unaongea wewe karibu dakika 4 kabla mgeni hajasikika, unajitambulisha, unaeleza podikasti ni ya nini, unawaomba watu wasubskraibu, unawashukuru. Msikilizaji mgeni hana sababu ya kukusubiri bado. Chukua sekunde 20 kali za mgeni uziweke mwanzo kabisa, alafu sentensi mbili za kumtambulisha, muingie. Kuomba watu wasubskraibu peleka mwisho, aliyefika mwisho ndo anayeweza kukubali.

Kwenye kuediti, Audacity ya bure inatosha kabisa, ipo tangu 2000 na inafanya kazi hata kwenye kompyuta za zamani. Sikiliza yote mara ya kwanza bila kugusa kitu, unaandika tu dakika ambazo ulichoka au ulisisimka. Alafu kata yale ya kuchosha, hata kama ni maneno yako mazuri. Usafi wa sauti unakuja baada ya hapo, na uwe na mkono mwepesi, ile kazi ya kuondoa kelele ukiizidisha mtu anasikika kama yuko chini ya maji. Kabla hamjaanza kuongea rekodi sekunde 10 za chumba kitupu, programu inazitumia kujua kelele yenyewe ikoje.

Na usikate kila kimya. Nilishawahi kumhoji muuguzi, nikamuuliza kuhusu mgonjwa wake wa kwanza kufariki, akakaa kimya sekunde kama 4 ndo akajibu. Nikaikata ile nafasi ili mambo yaende haraka. Nilipocheza nikasikia mwanamke anayejibu swali la kifo fasta kama ameulizwa saa ngapi. Nilikuwa nimemfanya mtu mwingine kabisa. Nikairudisha, na tangu hapo kabla sijakata natofautisha kimya cha mtu anayetafuta neno na kimya cha mtu anayekumbuka.

Ukimaliza, weka ukubwa wa sauti kwenye -16 LUFS (kipimo cha jinsi sikio linavyousikia ukubwa wa sauti kwa wastani) na kilele kisizidi desibeli -1, hicho ndo kipimo Apple wanapendekeza, maana yake msikilizaji akitoka kwenye podikasti nyingine kuja kwako hatapandisha wala kushusha sauti. Kwa mazungumzo matupu toa MP3 ya mono (njia moja ya sauti, siyo mbili za kushoto na kulia), hata kbps 64, yani kilobiti 64 kwa kila sekunde, inasikika vizuri. Nusu saa kwa 128 ni kama MB 29, kwa 64 inakuwa nusu yake, na msikilizaji anayehesabu bando atakushukuru. Alafu uisikilize hiyo MP3 yenyewe, yote, kwenye simu, ukiwa unatembea au unaosha vyombo, kwasababu watu wataisikiliza hivo.

Mambo ya kuhifadhi nitapita haraka. Kwa kawaida podikasti yako haikai kwenye programu ya Apple wala ya Spotify, faili zinakaa kwa kampuni inayokuhifadhia, na zile programu zinasoma tu fidi yako ya RSS, yani orodha ya mtandaoni ya episodi zako, kujua kuna episodi mpya. Ndo ilivyo tangu mwanzo, neno podikasti lilionekana 2004, iTunes ikaanza kuzibeba 2005, na mpaka leo fidi ndo roho yake. Google Podcasts ilipofungwa 2024, waliokuwa na fidi yao mkononi waliwaambia tu wasikilizaji wahamie programu nyingine na hakuna episodi iliyopotea. Kwahiyo hakikisha barua pepe iliyo kwenye fidi ni yako, na hiyo kampuni inakuruhusu kuielekeza fidi kwingine ukitaka kuhama. Kava iwe ya mraba, kati ya pikseli 1400 na 3000 kila upande, na uipunguze mpaka ukubwa wa ukucha uone kama jina linasomeka (lako halisomeki, ondoa ile picha ya nyuma). Na ule wimbo maarufu ulioweka mwanzoni utoe. Ile habari kwamba sekunde 10 zinaruhusiwa bila kibali watu wanaambiana tu, hakuna ruhusa ya jumla ya namna hiyo. Tafuta muziki wenye leseni ya Creative Commons, yani ambao mwenyewe ameshawaruhusu watu wautumie kwa masharti, soma masharti yake, umtaje aliyeutengeneza.

Sasa hao 15. Namba ya kudownload kwa kipimo kinachotumiwa na kampuni nyingi inahesabiwa faili likishushwa angalau kiasi cha dakika moja, na simu ile ile ikirudia ndani ya saa 24 inabaki moja. Haikwambii kama mtu alisikiliza mpaka mwisho. Kwahiyo 15 inaweza kuwa watu 6 waliosikiliza kweli, lakini hata 6, wafikirie wamekaa sebuleni kwako nusu saa nzima wanakusikiliza bila kuangalia simu, ungewaandalia vizuri sana. Wapigie watatu kati yao. Usiwaulize kama wameipenda, watakwambia wameipenda kwasababu wanakupenda wewe. Waulize walikuwa wanafanya nini wakati wanasikiliza, na waliizima wapi. Mi nilipouliza hivo mara ya kwanza, watu wawili ambao hawajuani walinitajia karibu dakika ile ile, nilikuwa naongea peke yangu pale.

Na kuhusu kila wiki, we umeahidi kila Jumatatu na umeshakosa mara kadhaa, mi nakushauri utangaze kila baada ya wiki mbili na uwe na episodi 3 zimekamilika kabla hujarudi hewani. Kuna wiki utaumwa, kuna wiki mgeni hatatokea, na kuediti kwa mtu anayeanza kunakula masaa mengi kuliko ulivyopanga, mi saa moja ya mahojiano ilikuwa inanichukua jioni nne.

Kwa episodi ya 5 usitafute mgeni mpya. Mpigie yule dada fundi cherehani, mwambie mlikuwa hamjamaliza. Nenda chumba ambacho kofi linakufa, maiki iwe karibu na yeye, kwaruza kwa ukucha, sikiliza nusu dakika ya majaribio, funika karatasi. Alafu muulize ile siku aliyotaka kuuza cherehani ilikuwaje, na unyamaze.